Gari-Nyumba la Baba Mdogo

Mgahawa wa Faudhia, Xiaobei
Guangzhou
12 Juni 2007

Mwanangu Kissa,

Kabla hujakaa vizuri, jua kwamba unasoma barua ya mtu mwenye bahati kuliko Watanzania wote waliowahi kushuka kwenye ndege Guangzhou. Salamu zinakuja, subiri kidogo. Nimepata gari-nyumba.

Usifikirie gari lenye kiti cha kulala nyuma, la hasha. Hii ni nyumba kamili iliyopanda juu ya magurudumu: kitanda, jiko, meza ya kukunja, pazia la maua. Kuna laoban mmoja kule Shiling, bosi mwenye kiwanda cha mikoba, nilimsafirishia mikoba yake hadi Lubumbashi ikafika bila hata moja kuvunjika mkono. Akafurahi akaniambia, Sosi, chukua hili, mimi sina muda wa kutembea. Ndivyo matajiri wa huku walivyo. Wanagawa magari kama sisi Tukuyu tunavyogawa parachichi.

Nimelipima mwenyewe kwa futi ya utepe. Ndani urefu mita tano na sentimita tisini, upana mita mbili na thelathini na tano, kimo mita mbili na thelathini na tisa. Mtu mwingine angekwambia tu ni kubwa. Mimi nakupa vipimo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mteja akinionyesha marobota yake namwambia yataingia au hayataingia kabla hajafunga mdomo.

Sasa sikiliza mpango. Oktoba mwanzoni Wachina wote wanapumzika wiki nzima. Nitakuja na gari hadi hapo kwako Lanzhou, nitapiga honi chini ya hosteli yako mpaka profesa wako atoke dirishani. Kisha tunakwenda magharibi, wewe na mimi. Jangwa la mchanga, milima yenye theluji, tunasimama tunapotaka, tunapika maharage nje. Unajua mimi na marehemu baba yako Lusajo tulilala kwenye lori miaka minne, Tunduma hadi Lusaka na kurudi, yeye usukani, mimi utingo. Alikuwa anasema siku moja tutaipita hii barabara bila mzigo, tuione. Alikufa hajaendesha lori tupu hata siku moja. Basi safari yake tutaifanya sisi.

Msalimie mama yako Albina ukimwandikia, na Bibi. Waambie mimi ni mzima na nimenenepa. Simu usinipigie, mtandao wa hapa unakatakata maneno, na barua mtu anaweza kuirudia.

Ni mimi baba yako mdogo,
Sostenes, mwenye gari


Hosteli ya wanafunzi wa kigeni
Lanzhou
4 Julai 2007

Baba mdogo mpendwa,

Ugonile. Nimelisema hilo “umelalaje” la kwetu kwa sauti hapa chumbani na hakuna wa kuniitikia, kwa hiyo itikia wewe huko.

Mama hajambo. Anasema chai mwaka huu imechipua vizuri ila wachumaji wamekimbilia Mbeya. Bibi goti linamsumbua, amehamishia kitanda chake karibu na jiko. Zile picha zako, ile umesimama mbele ya gorofa na ile ya miwani, ameziweka kwenye Biblia. Lakini mwezi uliopita alimwambia mama kwamba picha haipumui. Amekaa miaka sita hajakuona, baba mdogo. Mama ameniandikia sentensi moja tu kuhusu jambo hilo: nisirudi nyumbani kabla sijakuona kwa macho yangu. Na tiketi yangu imeshatoka, ni tarehe nne Novemba.

Nimekaa nchi moja na wewe miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ulikuwa Hong Kong kwa biashara. Mwaka wa pili ulikuwa na mgeni kutoka Kongo. Sasa nasikia una nyumba yenye magurudumu, na sijui kama nicheke au nipige magoti nishukuru. Nimefanya vyote.

Umeniweza kwa hiyo safari. Nimeshatandika ramani sakafuni. Tutoke hapa, tufuate bonde lile refu, mkono wa kushoto milima ya Qilian na theluji yake, mkono wa kulia jangwa. Nitakuonyesha Minqin, kule ninakofanyia utafiti, tunakopanda majani makavu ya ngano mchangani kwa miraba kama daftari la hesabu ili mchanga usitembee. Wewe mtu wa vipimo utapenda. Kisha Dunhuang, kisha turudi kwa kupanda mlimani hadi ziwa la Qinghai.

Maswali yangu ni haya. Leseni ya China unayo? Vuli ya huku usiku maji yanaganda, je gari lina kipasha joto? Maji ya kunywa linabeba kiasi gani? Na linaendeshwa na dizeli au petroli, maana vituo vya kule ni vya kutafuta. Usicheke. Mimi ndiye nitakayekufa kwa baridi.

Wako,
Kissa


Xiaobei, Guangzhou
30 Julai 2007

Mwanangu Kissa, mchora ramani,

Nimeitikia, nimeitikia kwa sauti mpaka Faudhia akatoka jikoni na mwiko kuuliza ninagombana na nani. Huyu Faudhia ni mama wa Tanga, mpishi, ndiye anayepokea barua zangu zote kwa sababu mtu wa safari kama mimi hana anwani moja. Anakusalimu. Anasema msichana anayesomea mchanga lazima awe na subira.

Umeuliza kuhusu gari, ngoja nikupe raha. Nyuma lina milango miwili mikubwa, usiku naifunga kwa vyuma vyake vinne na hata mwizi wa Beijing atarudi kwao kulima. Mvua ikinyesha juu ya bati lake, Kissa, nakwambia ukifumba macho uko Tukuyu. Mvua ile ile, mlio ule ule. Kuna siku nimelala humo mchana wa mvua nikaamka namwita Bibi aniletee magimbi. Kasoro yake ni moja tu, madirisha halina. Lakini jangwani nani anataka kufungulia mchanga dirisha?

Baridi isikutishe. Jana nilipita Zhanqian Road, yale maduka ya nguo ya jumla karibu na stesheni, mwenye duka akanitajia bei ya koti nikacheka mpaka nikakaa chini. Tulipomaliza kubishana alikuwa ananiita kaka. Koti lako liko kwenye kifurushi hiki. Nimetia na maharage ya kwetu, aliyaleta Mtanzania mmoja aliyekuja kununua redio, majani ya chai, sabuni, soksi sita, na kile kisu chenye kijiko ndani yake, ni cha kambi. Nimekupakia mwenyewe.

Habari za leseni tuziache kwa watu wasiojua kuendesha. Baba yako alinifundisha usukani kwenye mteremko wa Kitonga nikiwa na miaka kumi na tisa, na lori lilikuwa na breki upande mmoja. Baada ya hapo mtu anakuja kukuuliza karatasi.

Chora ramani vizuri. Weka alama mahali pa kupikia.

Baba yako mdogo,
Sostenes


Lanzhou
27 Agosti 2007

Baba mdogo,

Kifurushi kimefika. Nimetumia nusu saa kukifungua, na baada ya kutoa vitu nilijaribu kuvirudisha kwenye boksi lile lile vikabaki nusu kitandani. Soksi ulizitia ndani ya mikono ya koti, maharage ndani ya soksi, sabuni ndani ya kofia. Wasichana wote wa korido walikuja kuangalia. Sijapata kuona mapenzi yaliyokandamizwa namna ile.

Koti ni kubwa. Usibadilishe, nalala nalo.

Mama amesimamishwa sokoni na jirani akaulizwa kama ni kweli shemeji yake amenunua basi. Habari zinakua njiani. Bibi alipoambiwa aliuliza, kama ana gari kwa nini haji.

Kuna mwenzetu hapa, George, kijana wa Moshi, anasomea maji. Nilimwonyesha vipimo vyako kwa kujisifu, kwamba gari la baba yangu mdogo ni kubwa hivi. Aliyasoma yale maneno mara mbili, akaniuliza swali moja. Nilikunja barua nikamwambia twende tukale.

Nakuomba kitu kidogo. Nitumie picha moja, wewe umesimama karibu na tairi. Tairi lionekane. Nitaituma kwa Bibi.

Na hukujibu kuhusu leseni, wala maji, wala dizeli. Nimeacha nafasi kwenye daftari.

Wako,
Kissa


Guangzhou
15 Septemba 2007

Kissa mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Faudhia mzima, Guangzhou joto mpaka lami inashika viatu.

Picha haitawezekana sasa. Gari liko kwa fundi, linapigwa rangi, nimechagua kijani cha majani ya chai. Na kuna jambo jingine limeingia. Mteja wa Dubai ananitaka huko mwisho wa mwezi, mzigo mkubwa, hataki mtu mwingine, anasema bila Sosi kontena halijai. Kwa hiyo naona safari yetu tuisogeze mpaka majira ya maua, Machi au Aprili, jangwa halikimbii. Najua utakuwa umerudi nyumbani. Nitakutumia tiketi uje tena. Mtu mwenye gari-nyumba hashindwi na tiketi.

Mwambie Bibi nakuja. Usimwambie lini.

Nakutumia soksi nyingine mbili.

Sostenes


Lanzhou
21 Septemba 2007

Baba mdogo,

Ugonile. Safari hii naiuliza kama Bibi anavyoiuliza, akiwa amekuangalia usoni kwanza: umelala wapi?

Naandika haraka, barua hii inakwenda kwa posta ya haraka. Nimekaa na barua yako siku mbili nikijaribu kukasirika. Nimeshindwa, nimebaki na hofu tu, kwa hiyo nitasema wazi na wewe utanisamehe kwa kusema wazi na mtu mzima.

Swali la George lilikuwa hili: kwa nini baba yako mdogo anakupa vipimo vya ndani vya kontena la futi ishirini? Mama yake hutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, tangu mtoto anasikia namba zile mezani kama sisi tulivyosikia sala. Tano na tisini. Mbili na thelathini na tano. Mbili na thelathini na tisa. Baada ya hapo nikasoma upya milango miwili, vyuma vinne, bati, madirisha halina. Uongo wako wote ulikuwa wa kweli, ulichokosea ni kuupima.

Sikuulizi ilikuwaje. Sikuulizi kwa nini hupokei simu, ingawa nadhani ni kwa sababu ningesikia winchi. Nilipokuwa darasa la nne, mwaka aliokufa baba, ulikuwa unaniandikia kila muhula barua ya vichekesho na mwalimu alikuwa ananipa ruhusa kuisoma mbele ya darasa. Nilijua nusu si kweli. Sikuwahi kuihesabu hiyo nusu kuwa uongo.

Ila sasa sikiliza mpango wangu, maana na mimi nina ramani. Jangwa nimeliona miaka mitatu, lipo kwenye viatu vyangu. Mlima nauona nikipiga mswaki. Ambaye sijamwona ni wewe. Kwa hiyo safari inageuka, inakwenda kusini. Nina hema la utafiti, jiko dogo la gesi, na yale maharage sijayapika bado. Nimekata tiketi ya treni. Nitafika Guangzhou tarehe mbili Oktoba asubuhi. Kama ukinipokea stesheni nitafurahi. Kama hukuja, nitakwenda moja kwa moja kwa Faudhia, nitakaa kwenye meza yake na koti langu kubwa, na nina likizo siku sita za kukaa pale.

Tarehe nne Novemba napanda ndege. Nikifika Bibi ataniuliza kitu kimoja tu. Nataka nimpe jibu la kweli, hata likiwa baya.

Mwanao,
Kissa


Mgahawa wa Faudhia
2 Oktoba 2007, asubuhi

Kissa,

Karibu Guangzhou. Pole na siku mbili za treni. Hiyo chai iliyo mbele yako ina tangawizi, inywe kabla haijapoa. Faudhia amekupa barua hii na nimemwapisha asijibu swali lako hata moja, na najua inamuuma, kwa hiyo mwonee huruma.

Nimeanza barua hii mara tatu. Ya kwanza ilisema nimeitwa Dubai. Ya pili ilisema naumwa. Faudhia aliisoma hiyo ya pili akaiwashia jiko. Akaniambia, Sostenes, mtoto anasafiri nchi nzima na hema mgongoni kuja kukutafuta, na wewe unamtafutia ugonjwa.

Stesheni sikuja kwa sababu pale mlangoni wanasimama askari na wanaangalia pasipoti. Yangu viza yake ilikufa Machi mwaka 2005. Hakuna aliyenionea. Nilikuwa nasema ngoja kwanza nipakie kontena hili, nitakwenda kesho kuongeza muda, na kesho likaja lingine. Nilipokwenda mwishowe nilifika hadi mtaa wa ile ofisi, nikaona foleni, nikageuka. Toka siku ile sipandi basi la mbali, sikai hoteli, kwa mwenye nyumba sipangi kwa sababu lazima akuandikishe. Hong Kong sikwenda. Mgeni wa Kongo hakuwepo. Mtu wa Dubai simjui. Ile gorofa kwenye picha ya Bibi ni ya watu, nilisimama mbele yake tu.

Kazi yangu ni ya kweli. Wengine wanauza na kununua, mimi napakia, na wakikwama wananiita mimi. Nilikuandikia vipimo vile kwa sababu ndivyo ninavyovijua usingizini, na usingizini ni kweli kabisa, maana ndimo ninamolala. Ni kontena bovu kwenye yadi ya mizigo, sakafu imetoboka pembeni, haliruhusiwi kupanda meli tena. Mwenye yadi ameniachia, mimi namlindia. Pazia la maua lipo. Jiko lipo. Meza ya kukunja niliitengeneza. Siku moja mvua ilinyesha nikiwa humo, nikawaza nilivyokuwa nalala na baba yako chini ya turubai tukisubiri mpaka wa Tunduma ufunguliwe, nikajiambia hii nayo ni safari, magurudumu tu ndiyo hayapo. Nikachukua kalamu kukuandikia hivyo hivyo. Kalamu ikayaongeza magurudumu. Unanijua. Kisha ukatandika ramani sakafuni, na kila nilipotaka kukwambia nakuona umepiga magoti juu ya hiyo ramani.

Hema umelileta, na yadi ina nafasi. Nyuma yake kuna rundo la mchanga wa ujenzi, kubwa, hilo ndilo jangwa; utanionyesha miraba yako ya majani. Makontena yamepangwa matano kwenda juu, huo ndio mlima. Ukifika juu unaona hadi mtoni. Theluji imenishinda. Maharage tutayapika leo, nimeshatafuta nazi.

Kisha nina ombi, na hili silifanyi mzaha. Wanasema mtu akijipeleka mwenyewe wanamwandikia faini kisha anarudishwa kwao. Nilikuwa naogopa mambo mawili. La kwanza, kurudi kwa Bibi mikono mitupu baada ya miaka sita ya kumwambia nimenenepa. Hilo nimelimeza, wewe umeshalijua na bado umekuja. La pili ni kwamba Kichina changu ni cha bei tu; najua kusema ghali, najua kusema sitaki, sijui kusema nimekosa. Wewe unakijua cha vitabu. Nenda na mimi katika ile ofisi, likizo yao ikiisha. Safari hii usukani ni wako, mimi nirudie kazi yangu ya utingo. Wakikubali haraka, tarehe nne Novemba huenda ukawa na mtu wa kubishana naye kiti cha dirishani.

Mimi nipo hapa hapa. Nyuma ya pazia la jikoni kwa Faudhia, namenya viazi, nimeshamenya vingi kuliko wateja wake. Nimekuona ulivyoingia. Una mabega ya Lusajo. Ukimaliza kusoma ingia, usibishe hodi.

Lakini maliza kwanza mstari huu, kwa sababu ukiingia nitakukumbatia na nitaanza kusema mambo mengine, na hili lazima nilitoe mwenyewe, kwa mwandiko wangu, ili Bibi naye asomewe. Laoban wa Shiling hajanipa kitu chochote. Gari sina, Kissa. Sikuwahi kuwa nalo.